Samaki mkubwa hafuati rangi, anafuata mwendo wa chambo

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na naomba hii barua usiikate sana manake jambo lenyewe, kuchagua na kufunga chambo bandia za kukokota nyuma ya boti, haliandikwi kwa Kiswahili na wanaolihitaji ni wengi. Kaskazi inakaribia kuingia, na sisi wa huku kusini ya pwani ya Kenya, Shimoni, Vanga, Msambweni, tunajua maana yake, bahari inalainika, maji yanakuwa ya buluu mpaka karibu na mwamba na wale wakubwa wanapita, nduaro, sulisuli, jodari, fulusi, nguru. Boti za watalii zitaanza kutoka kila asubuhi. Ila siku hizi sio za watalii tu, vijana wetu nao wamepata maboti ya faiba na injini wanavuka mwamba kwenda kukokota mishipi kwenye mlango wa Pemba, na mimi nafurahi sana kuliona hilo. Kinachoniuma ni kuwa wengi wanatoka na chambo bandia zilizofungwa vibaya, wanachoma mafuta kutwa nzima alafu wanarudi wanasema samaki wameadimika. Samaki yupo, shida iko pale nyuma ya tezi, huko nyuma ya boti chambo zinakokokotwa.

Ukienda dukani Mombasa au Malindi kununua chambo za kukokota juu ya maji utakuta zimepangwa kwa rangi, na muuzaji atakuambia hii ya pinki ndo inakula sana, hii ya kijani na manjano ndo ya fulusi, na kijana anatoa pesa yake yote kwa rangi. Jamani, rangi ni jambo la mwisho. Samaki yuko chini anatazama juu, nyuma ya chambo kuna anga na jua, kwa hiyo kitu cha kwanza anachokiona ni kivuli, umbo na ule msukosuko wa mapovu, rangi anaiona baadaye sana akiwa karibu. Sisemi rangi haina kazi kabisa. Asubuhi na mapema, jioni au mawingu yakitanda, weka nyeusi na zambarau kwa sababu inakata kivuli kizuri, jua likiwa kali na maji safi weka buluu na nyeupe au fedha kama samaki panzi na vibua, na hiyo kijani na manjano kweli fulusi anaipenda. Hayo yanatosha kuhusu rangi, pesa yako ihifadhi kwa ajili ya kichwa.

Kichwa ndo chambo. Sketi ya plastiki, zile nyuzinyuzi zinazofuata nyuma ya kichwa, ni nguo tu, unaweza kuibadilisha kila wiki, lakini kile kichwa cha resini, plastiki ya maji inayomiminwa ikaganda, pale mbele ndicho kinachoamua chambo itaogelea vipi. Kichwa chenye uso uliokatwa mshazari kinayumba kushoto na kulia na kupiga mbizi, kina fujo nyingi, ni kizuri sana kwa nduaro bahari ikiwa imetulia. Kichwa chenye uso bapa au wenye kishimo kidogo kinaenda karibu na mstari ulionyooka, kinapanda juu, kinameza hewa, kinazama na kuacha moshi mrefu wa mapovu, hiki ndo cha kuanzia kwa mtu yeyote kwa sababu hakisumbui. Kichwa kilichochongoka kama risasi hakina fujo yoyote, kinakwenda moja kwa moja hata ukiongeza mwendo, na hicho ndo cha jodari na nguru. Kuna na vile vyenye matundu yanayopita ndani, maji yanaingia mbele yanatoka nyuma na kuacha mapovu mengi, hivyo navyo jodari anavipenda. Sasa bahari ikichafuka, yale mawimbi mafupi ya upepo, usiweke kile cha mshazari, kitaruka nje na kubiringika na kuzungusha uzi, weka kichwa kirefu, kizito, chembamba, kinachoshika maji. Kijana akiwa na vichwa vinne vitano vya maumbo tofauti yuko vizuri kuliko mwenye sanduku zima la rangi thelathini zenye umbo moja, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu naona watu wanavyoumia kununua.

Saizi nayo iangalie. Nduaro mkubwa anafuata chambo ya inchi 10 mpaka 14, sulisuli na jodari wa kawaida wanataka inchi 5 mpaka 8 hivi. Mtu anayeweka likichwa likubwa kwenye mishipi yote kwa tamaa ya nduaro anapitisha chambo juu ya jodari wote wa mlango wa Pemba wasiiguse.

Na haya mambo hayakushuka kutoka kiwandani. Kule Kona, Hawaii, miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia, walikuwa mabaharia wenyewe, kati yao nahodha mmoja anaitwa Henry Chee, waliokuwa wakimimina resini na kujitengenezea vichwa, wanavikokota, wanaviangalia, wanavisugua upya, wanavirudisha majini. Hivi vichwa tunavyonunua leo kwa bei ya mbuzi vina asili hiyo. Na hapa kwetu wazee wamevua nguru miaka na miaka kwa manyoya ya kuku na nyuzi za kamba zilizochambuliwa, wakikokota nyuma ya tanga. Resini ya kutengenezea faiba inauzwa Mombasa, mafundi wa maboti wanayo, kwa nini vijana wetu wasijimiminie vichwa vyao? Mimi nimeona vichwa vya kujitengenezea vikipiga samaki sawasawa na vile vya dukani, ilimradi tundu la katikati limenyooka na uzito umekaa upande wa chini.

Turudi kwenye boti. Chambo bandia ya juu ya maji inataka mwendo wa noti (maili za bahari kwa saa) 7 mpaka 9, chini ya hapo nyingi zinalala tu, wakati chambo ya samaki mwenyewe kama chuchunge inataka pole pole, noti 5 au 6, kwa hiyo ukichanganya zote mbili nyuma ya boti moja ujue moja wapo haifanyi kazi. Alafu usitupe tu nyuma popote. Boti ikienda inaacha mawimbi yake, hesabu la kwanza, la pili, la tatu, na kila chambo uiweke kwenye ule uso wa wimbi unaotazama boti, sio mgongoni, pale kwenye uso inaonekana na inateremka vizuri. Kubwa na zenye fujo weka karibu, wimbi la pili na la tatu, ndogo peleka mbali wimbi la tano na kuendelea, na ile ya risasi peke yake katikati mbali kabisa kwenye maji masafi ambako mapovu ya injini yameisha, hapo ndo jodari anapogonga. Usiogope kuweka kubwa karibu, nduaro haogopi injini, kelele na yale mapovu meupe yanamleta juu.

Mwenye boti ndogo yenye injini moja ya nyuma asijaribu mishipi mingi. Mitatu inatosha, miwili pembeni na mmoja katikati, na kama anataka kuitanua afunge mianzi miwili imara huku na huku, itafanya kazi ya zile fimbo ndefu za boti kubwa. Faida ya mwanzi sio kutanua tu, inainua uzi juu, na uzi ukiinuka chambo inapanda juu na kumeza hewa zaidi. Hapa ndo kuna siri ya kurekebisha, chambo ikiwa inaruka nje ya maji shusha uzi au punguza mwendo kidogo au irudishe nyuma, ikiwa imezama muda wote haipandi, inua uzi au ivute karibu. Ukiwa na macho na subira utaiona, inapanda, inapumua, inazama na moshi wake, sekunde chache inapanda tena. Hiyo ndo chambo inayovua. Inayozunguka kama pia ya watoto itoe majini mara moja, itakusokota uzi na hakuna samaki atakayeigusa. Na ukipata nafasi piga kona pana, chambo ya upande wa ndani itazama na ya nje itaongeza kasi, mara nyingi sana samaki aliyekuwa akifuata bila kugonga anagonga hapo hapo.

Sasa nifike kwenye ufungaji, ambako ndo roho ya barua yangu. Chambo nzuri yenye ufungaji mbaya ni hasara mara mbili, umepoteza samaki na umempeleka na chuma mdomoni. Anza na uzi wa lida, kile kipande kinene cha mwisho kinachoshika chambo. Kwa nduaro tumia nailoni yenye nguvu ya pauni 300 mpaka 400, sulisuli na jodari pauni 150 mpaka 200 zinatosha na chambo itaogelea kwa uhuru zaidi, nguru ana meno kama makasi kwa hiyo mwekee kipande kifupi cha waya karibu na ndoana, kifupi kwa sababu jodari akiona waya mrefu anageuka. Mita 4 au 5 za lida ni rahisi kuzishika kwa mkono. Wale wanaotaka samaki wao aingie kwenye rekodi za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa 1939, kwa uzi wa zaidi ya pauni 20 lida isizidi mita 9.14, na ikijumlishwa na uzi uliokunjwa mara mbili isizidi mita 12.19.

Vile vibomba vidogo vya kubana uzi, krimpu, watu wanavichukulia poa na ndo vinavyowaangusha. Krimpu iendane na unene wa uzi, sio kubwa ikachezacheza, sio ndogo ukalazimisha. Ukibana kwa koleo la krimpu usibane mpaka kwenye ncha, acha ncha zote mbili wazi kidogo, manake ile ncha iliyobanwa inageuka kisu na uzi wako utakatika hapo hapo samaki akivuta. Ule mkia wa uzi unaobaki uchome kwa kiberiti taratibu uvimbe kidogo ili usiteleze kurudi. Kwenye kitanzi kinachoshika ndoana valisha mrija mdogo wa plastiki usisuguane na chuma. Na koleo la kawaida la fundi umeme lisitumike kubania krimpu, nimeona watu wakipoteza samaki wa maisha yao kwa hilo.

Ndoana. Hapa naomba mnisikilize vizuri ndugu zangu. Wengi wanafunga mbili kwa kila chambo wakidhani nafasi ya kukamata inaongezeka, mimi nasema weka moja. Ndoana moja, nene, iliyonolewa kwa tupa mpaka ikikwaruza ukucha inashika badala ya kuteleza, ikae imara isiningʼinie, kwa kebo fupi ngumu iliyovalishwa mpira wa kubana kwa moto, ncha ikitazama juu, na ule mpindo wake ukae pale sketi inapoishia. Nafasi kati ya ncha na shina iwe pana kuliko unene wa kichwa cha chambo, kwa sababu ikiwa nyembamba kichwa chenyewe kinaziba njia na ndoana haifiki kwenye taya. Kwa kichwa kikubwa cha nduaro tunaongelea ndoana saizi 10/0 au 11/0, kwa zile ndogo 7/0 au 8/0. Ncha ikitazama juu inaingia kwenye taya ya juu ambako ni pagumu na panashika, na upande mzito wa kichwa ukiwa chini chambo haigeuki.

Ndoana mbili zina ubaya ambao mtu haujui mpaka asimame karibu na nduaro aliyeletwa ubavuni mwa boti. Moja iko mdomoni, nyingine iko hewani inatafuta mahali pa kushika, na mahali penyewe ni mkono wa yule kijana anayeshika lida. Mara nyingine ile ya pili inamfunga samaki mdomo kwa uzi, au inaingia jichoni, au kwenye matamvua, samaki ambaye ungemwachia akaishi anakufa. IGFA wanaruhusu mbili lakini kwa masharti, macho ya ndoana yasikaribiane kuliko urefu wa ndoana iliyo kubwa wala yasiachane zaidi ya inchi 12, na ile ya nyuma isitokeze nje ya sketi zaidi ya urefu wake. Mimi ushauri wangu ni ule ule, moja. Na iwe chuma cha kawaida, sio stenlesi, kwa sababu uzi ukikatika ile ya kawaida inaliwa na kutu na samaki anabaki huru, ya stenlesi inakaa naye muda mrefu sana. Gharama ya kubadilisha ndoana zenye kutu kila msimu ni ndogo.

Nalisema hili la kuachia kwa sababu boti nyingi za watalii hapa Kenya wanaachia nduaro na sulisuli baada ya kuwawekea alama, kule Watamu kuna African Billfish Foundation ambao ndo wanaratibu hiyo kazi ya alama, na samaki aliyeachiwa na ndoana moja safi mdomoni ana nafasi kubwa ya kuonekana tena. Kijana anayevua kwa ajili ya soko simlaumu akimleta sulisuli nchi kavu, ana watoto. Lakini naye ndoana moja inamfaa kwa sababu inatoka haraka, chambo inarudi majini haraka wakati kundi la jodari bado liko juu na ndege bado wanapiga mbizi, na dakika hizo ndo za pesa.

Niguse na kolekole kidogo, manake kuna vijana wanapenda kusimama kwenye boti karibu na mwamba na kurusha vile vyambo vya mbao au plastiki vyenye mdomo wazi, unavuta kwa nguvu vinapiga maji kwa kishindo. Raha yake haielezeki. Kolekole mkubwa ni nguvu tupu, rekodi ya dunia ilipatikana Japani, visiwa vya Tokara, 2006, kilo 72.8, na huku kwetu wakubwa wanapatikana kuanzia Kiwayu na Watamu mpaka Fungu Mbaraka upande wa Tanzania. Hapa pia kanuni ni ile ile. Maji yakiwa na mkondo na mawimbi, ile yenye mdomo wa kishindo inaita samaki kutoka chini, maji yakitulia kama kioo weka ile nyembamba isiyo na mdomo, inayoogelea kwa kujipinda chini kidogo ya uso wa maji, kishindo kitawakimbiza. Hakikisha kuna waya unaopita ndani ya mwili wote wa chambo kutoka mbele mpaka nyuma, ambayo haina waya kolekole ataing'oa pete na kuondoka nayo. Lida pauni 150 mpaka 200. Na zile ndoana za vichwa vitatu zinazokuja nazo kutoka dukani toa, weka za kichwa kimoja, na kile kijino cha ncha kikandamize kwa koleo. Boti ndogo inayoyumba, watu watatu wanarusha, ndoana zinapita karibu na uso, jamani tuoneane huruma.

Ombi langu Mhariri liko mara mbili. La kwanza ni kwa wenye boti na BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, hawa vijana wa deki ndo wanaofunga hizo chambo alfajiri huku mteja bado analala, wapeni muda na vifaa vya kujifunzia, koleo zuri la krimpu moja kwa kila bandari ndogo, tupa, uzi wa mazoezi, na yule mkubwa anayejua asifiche. Tunazungumza uchumi wa buluu kila siku kwenye mikutano lakini sijaona mkutano hata mmoja unaomfundisha kijana kubana krimpu. La pili ni kwako wewe na gazeti lako, hizi habari zichapwe kwa Kiswahili, na michoro, kwa sababu maneno peke yake hayatoshi kuonyesha ndoana inakaa wapi kwenye sketi. Mimi niko tayari kuchora kwa mkono na kuleta, na wako wenzangu Malindi na Kilifi wanaojua zaidi yangu upande wa sulisuli na wanaweza kusaidia.

Na kwa wale wanaotoka wiki hii kabla michoro haijafika, leo jioni toeni chambo zote kwenye sanduku, kateni lida yoyote yenye mikwaruzo hata kama ni mpya, oshani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikaukie kivulini na msizirundike pamoja kwenye jua maana sketi zitayeyuka na kushikana, alafu noeni ndoana moja moja.

Wako,
Baharia wa boti za uvuvi,
Shimoni, Kwale